Aliteleza Kisimani

"Soma kwa sauti, Mama Wagiyah," wakili wa mshtakiwa alimwambia mahakamani kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomchoma. "Si mwandiko wako huu?"

Ulikuwa wake. Miaka ishirini na sita ya ukunga zahanatini, na herufi zake zimenyooka hata wauguzi vijana humtania kwamba angefaa kuandika kadi za harusi. Akasoma kwenye daftari la zahanati: mtoto Nining, miaka tisa, aliteleza kisimani, amepakwa dawa.

Uongo mtupu. Ijumaa ile bibi yake, Mbah Kasinem, alimleta mjukuu wake huyo akasema wazi kwamba ni mkanda wa Parjo, baba wa kambo. Wagiyah akainua gauni la mtoto, akaona. Lakini Parjo ni mdogo wake mkuu wa kijiji, na nani anataka balaa? Akamwambia bibi kwamba sheria ni sheria, ripoti ya majeraha ya kupeleka mahakamani haiandikwi bila barua ya polisi. Hapo hakudanganya. Ila hakuna sheria iliyomkataza kuandika daftarini alichokiona kwa macho yake, na hilo alilijua fika.

Barua ilichukua siku kumi na mbili, polisi wakimwambia bibi njoo kesho, njoo Jumatatu. Daktari alipompima Nining ngozi ilikuwa imeshapona, akaandika kwamba haoni jeraha. Sasa wakili wa Parjo ana karatasi mbili, zote zinamsafisha mteja wake, na ushahidi ukikosekana leo mtoto anarudishwa nyumba ile ile.

"Niliandika uongo," Wagiyah akasema. Uso ulimwaka kwa aibu. "Nilimwogopa kaka yake."

Wakili akauliza kama aliyedanganya kwa kalamu aaminiwe kwa mdomo. Jaji, mama wa makamo, akamwonya mkunga kwamba maneno hayo yanaweza kumfukuzisha kazi, hata kumfunga. Kisha akamuuliza alama zilikuwa wapi.

Wagiyah akasimama, akageuka, na mbele ya Parjo akaanza kugusa mwili wake mwenyewe: chini ya bega hili, chini ya lile, kiunoni, nyuma ya mapaja mara nne. Karani akawa anaandika. Hakuwa amesahau hata alama moja, na hilo ndilo lililomtia haya kuliko yote.

Hukumu ikapangwa Jumanne inayofuata. Nje, bibi na mjukuu walikuwa wamekaa kwenye benchi la ukumbini. Wagiyah akachuchumaa mbele yao.

"Mbah, nisamehe."

"Umesema leo," bibi akamjibu bila kumtazama. "Siku ile pia ulikuwa na mdomo."

Nining alimwangalia mkunga, akaivuta sketi yake ya shule taratibu mpaka ikafunika magoti, akaishikilia hapo kwa mikono miwili.