Masikio Mawili ya Kushoto

Shangazi yangu hukusanya sanaa kama wengine wanavyokusanya mifuko ya plastiki: hatupi kitu, na ole wako uguse. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi mpaka alipostaafu, na kwake hata choo kina picha tano. Maonyesho ya sanaa ya kisasa yalipofunguliwa, saa tatu asubuhi alikuwa mlangoni, mimi nyuma yake na chupa ya maji.

Kufikia saa sita tulikuwa tumeshaona kiti kilichofungwa kamba, ndoo ya funguo, na video ya mtu aliyelala.

"Mjomba wako huyu," akasema. "Ila wa kwetu anakoroma."

Banda la kumi na nne akasimama ghafla. Ukutani ulining'inia ubao wa kinyozi: vichwa tisa, kila kimoja na mtindo wake na namba yake. Chini yake kadi nyeupe: Msanii hajulikani.

"Hajulikani na nani?" Shangazi akauliza, kwa ile sauti iliyowahi kumtoa meneja ofisini.

Mwenye banda, bwana wa miwani ya njano, akatabasamu. "Utamu wake uko hapo hapo, mama. Tazama masikio. Kila kichwa kina masikio mawili ya kushoto! Msanii anatuonyesha jamii inayosikiliza upande mmoja."

Kicheko kilinijia, hasira ikakiwahi. Mtaa wetu mzima ulinyolewa chini ya mbao za mzee aliyeuchora ubao ule. Aliandika majina ya maduka, ya zahanati, hata la mwenyekiti aliyekuja kutubomolea vibanda. Na sijasahau ni mwenyekiti gani. Lakini jina la mzee mwenyewe hakuna aliyeliandika. Leo ametundikwa chini ya taa, na bado hana jina.

"Huyu ni Fundi Mistari," Shangazi akasema. "Masikio alikuwa anayachora kwa vigezo viwili vya kadibodi. Cha kulia kikaliwa na panya. Akaendelea na kilichobaki."

"Ushahidi, mama?"

Shangazi akapiga simu, akaweka spika.

"Fundi, u mzima?"

"Mzima, ukiacha magoti."

"Ule ubao wa vichwa tisa unaukumbuka?"

"Nitausahau vipi! Namba saba nilianza kwa kuandika mbili. Nikaipaka juu. Ukiinama pembeni utaiona."

Bwana wa miwani akainama. Akaiona ile mbili.

"Uko wapi huo ubao?" Fundi akauliza. "Miaka yote hii yale masikio yananiaibisha. Nimeshakata kigezo kipya. Nakuja nayarekebisha, nusu saa tu."

"Asije!" bwana akaruka. "Mama, nakuomba, asije na rangi!"

Shangazi akaziba simu kwa kiganja. "Mbishi sana huyu. Labda akisikia ameandikwa jina..."

Kadi mpya ikatoka haraka. Shangazi akamtajia jina la Fundi, la baba yake na la babu yake, herufi moja moja, na bwana akaandika kama mtoto wa imla.

"Fundi," Shangazi akasema, na sauti yake ikalegea kidogo. "Wamekuandika. Majina yote matatu."

Tukasikia mzee akipenga kamasi.

"Kwa rangi gani?"

"Kalamu nyeusi."

"Kalamu hupauka upesi," akasema. "Nakuja."