Swichi ya Ssemwanga

Asubuhi ile walimsimamisha Lutaaya mlangoni kwetu, wakamvika nguo ya gome la mti wa mutuba begani, wakampa mkuki, na mkuu wa ukoo akatangaza kwamba kuanzia sasa yeye ndiye Ssemwanga, yaani marehemu mume wangu. Lutaaya ni mtoto wa shemeji yangu, anauza simu Kampala, hata ndevu hazijamkolea. Lakini mimi nilimzalia marehemu mabinti tu, na ukoo ulitaka mwanamume, kwa hiyo ikawa hivyo. Nikapiga magoti mbele yake, nikamsalimu kama mke anavyomsalimu mumewe. Watu wakacheka na kupiga vigelegele. Mimi nilikuwa nawaza kwamba sufuria kubwa la ndizi halijafunikwa.

Sikumlilia mume wangu. Nalisema mapema kwa sababu hapa kijijini hakuna asiyelijua. Alipokufa sikulia, tulipomzika sikulia, na wifi yangu Nakacwa amelitangaza jambo hilo mpaka Masaka mjini. Si kwamba nilikuwa na kinyongo naye. Nilikufa ganzi tu, kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo, na ganzi yenyewe ikagoma kuondoka.

Kilichobaki kwake ni pikipiki. Jioni ya mwisho aliiingiza sebuleni mwenyewe, akaisimamisha karibu na kabati la vyombo, akaenda kulala, na usiku kifua kikamkamata. Kwa desturi yetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga ya mwisho yafanyike na mrithi asimamishwe, na ukoo huu ukafika mwaka wa tatu ukibishana nani atoe ng'ombe. Muda wote huo pikipiki ilikuwa palepale. Nakacwa aliifunika gome la mutuba, kama tunavyomfunika maiti, na mimi nikawa nafagia kuizunguka. Nilitaka ibaki. Ukiniuliza katika miaka hiyo nilitaka nini kingine, sikijui.

Alasiri, wageni wakiwa wameshiba na wengine wamelewa, Lutaaya alinijia. Alikuwa amevua lile gome na kuvaa jinzi yake.

"Mama, jioni hii narudi Kampala," akasema. "Pikipiki ikiwaka, naondoka nayo. Isipowaka sina pa kuipakia, itakaa hapahapa."

"Mama yako nani?" Nakacwa akadakia kutoka kwenye mkeka. "Huyo ni mkeo! Mwambie akuandalie chakula."

"Shangazi, acha hayo bwana."

Fundi Mukiibi alikuja kutoka sokoni na mfuko wake wa spana. Wakaikokota pikipiki mpaka uani, magurudumu yote mawili yamelala chini hayana upepo. Akayajaza kwa pampu, kisha akafungua tangi, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Nani aliacha mafuta humu?"

"Mwenyewe," nikasema.

"Hii si petroli tena, Mama Nantongo. Hii ni vanishi, ukapake milango. Mlishindwa nini kufungua koki ikamwagika?"

"Kitu cha marehemu tukiguse?" Nakacwa akamjia juu. "Kwani wewe si Muganda?"

"Muganda ni mimi. Pikipiki haina ukoo."

Akayamwaga yale mafuta nyuma ya migomba. Ssemwanga aliyanunua siku yake ya mwisho, akitoka kazini. Niliyatazama yakinywewa na udongo, nikangoja kuumia. Sikuumia.

Mukiibi alifungua kabureta. Ndani mlikuwa na utando wa njano, mzito, akaukwangua, akachokonoa vitundu kwa waya mwembamba na kuvipuliza kwa mdomo. Alipofungua kisanduku cha kupitishia hewa akaangua kicheko. Panya walikuwa wamechomoa nyuzi za lile gome la mutuba, wakajitengenezea kiota ndani. Akakitoa chote, akampelekea Nakacwa.

"Shangazi, wenyeji wanakushukuru kwa blanketi."

Uwanja mzima ulicheka, isipokuwa mimi na Nakacwa.

Akabadilisha betri, akatia petroli mpya, akamwambia Lutaaya apige kiki. Lutaaya akapiga. Akapiga tena na tena mpaka shati likamganda mgongoni.

"Kaza mguu!" Nakacwa akamwambia. "Nyama yote ile umeila ya nini?"

Mukiibi akamsimamisha. Akachomoa plagi, akailaza juu ya chuma cha injini, akainama karibu. "Piga polepole." Hakuna cheche. Akaweka plagi mpya, hakuna cheche. Akavutavuta nyaya, akageuza ufunguo mara kadhaa, akajifuta mikono.

"Mafuta sasa yanafika, ila moto haufiki kwenye plagi. Nadhani ni sidiai, kile kisanduku cha kutoa moto. Kimekufa. Huku kwetu hakipatikani."

Hakikuwa kimekufa. Ssemwanga aliwaogopa wezi kuliko alivyomwogopa Mungu, na aliwahi kumtafuta fundi wa mbali akamfichia swichi ndogo ya kukata moto chini ya tangi, katikati ya nyaya zilizofungwa mpira mweusi. Kila jioni kabla ya kushuka aliizima kwa kidole. Tulioijua tulikuwa wawili. Nikakaa, mikono mapajani, nikimtazama Mukiibi akikusanya spana zake.

Wakairudisha sebuleni. Kwenye saruji kulikuwa na alama nyeusi za magurudumu, na Lutaaya, kijana mwenye adabu kwa kweli, akahangaika mpaka akayaweka magurudumu juu ya alama zilezile. Akaokota gome aifunike.

"Basi, Mama. Ikae nawe."

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nikangoja furaha, hata ya kijiko kimoja. Haikuja. Nikaiona kesho, nafagia kuizunguka, na kesho kutwa, na mimi mwenyewe nimezeeka humu ndani na ufagio mkononi, sisikii kitu. Hapo nikaogopa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuogopa tangu tumzike.

"Ngoja," nikasema. Nikaingiza mkono chini ya tangi, nikapapasa mpaka nikaipata, nikaibonyeza. "Piga sasa."

"Lakini fundi amesema..."

"Piga, mwanangu."

Kiki ya kwanza ilikohoa. Ya pili ikawaka. Mlio ukajaa nyumba, vikombe vikagongana kabatini, moshi ukatuingia machoni. Huko nje Mukiibi akapiga kelele, "Mama Nantongo, umeiloga?" Lutaaya akawa anacheka kama mtoto, akaitoa mlangoni ikinguruma.

Mimi nilipita mlango wa nyuma. Kulikuwa na sufuria la maji ya moto jikoni, ya kuoshea vyombo. Nikachota nikajaza beseni, nikalipeleka kwenye bafu la mabati, nikaongeza ya baridi, nikatia mkono kupima. Nikatundika taulo. Nikaweka sabuni juu ya jiwe. Miaka yote ya ndoa yangu mlio ule uani ulikuwa na maana moja, kwamba amefika na vumbi lake na hataki maneno kabla ya kuoga. Sikufikiri. Mwili ulikwenda wenyewe.

Nakacwa akanikuta hapo. Akalitazama beseni, akalitazama taulo.

"Wifi," akasema taratibu, "umemwekea nani maji?"

Pikipiki ilikuwa imeshateremka kilima, inaelekea barabara kuu.

"Ssemwanga," nikamjibu.

Nikalisikia jina likitoka kinywani mwangu, nikajua kwamba hatakuja kuoga. Nikashika bati la bafu, nikalia kwa sauti ambayo sikuijua kama ninayo, mpaka waliokuwa wakikunja maturubai wakaacha kazi. Nakacwa akanikumbatia kwa nguvu. Naye alikuwa analia.