Mayai ya Tunu

Mtaani walimwita Fundi Mayai, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwavuna ng'ombe mayai ya uzazi, na alishazoea kuchekwa. Ila siku hiyo zizi lilikuwa la mama mkwe wake. Hebu jaribu wewe kuvua shati mbele ya mama mzaa mkeo, uzamishe mkono hadi kwapani nyuma ya ng'ombe wake, kisha uniambie kama utamtazama usoni.

Tunu alikuwa ng'ombe mzee, nyanya wa zizi zima. Hakuweza tena kubeba mimba, lakini mayai yake yangeweza kurutubishwa maabara na kupandikizwa kwa ng'ombe mwingine. Mama mkwe alitaka ndama mmoja tu wa mwisho.

Fundi alifanya kazi mbiombio, jasho likimtoka. Sindano ilivuta mayai kumi na mawili. Akayatia kwenye kichupa, kichupa kwenye mashine ndogo ya kubeba, ya kuyatunza na joto njiani, akaaga bila hata kunywa chai. Alipofika maabara ndipo alipogundua kuwa mashine hakuiwasha. Mayai yote yalikuwa yamepoa, yamekufa.

Akapiga simu. "Shikamoo mama. Tunu amezeeka. Mayai yake yamechoka, hata tukirudia ni bure."

"Marahaba. Uzee hauna dawa, mwanangu," alijibu mama mkwe kwa upole.

Siku nne uongo ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku ya tano akasema liwalo na liwe, akaenda. Zizini Tunu hakuwepo. Mama mkwe alimpokea na mfuko wa maini.

"Mchinjaji alikuja jana. Mpelekee binti yangu. Nawe asante kwa kuhangaika."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mama, nilikudanganya. Tunu hakuwa na kasoro. Niliona haya kufanya kazi mbele yako, nikaharakisha, nikasahau kuwasha mashine."

Mama mkwe alikalia ndoo iliyopinduliwa.

"Kile kitaa cha mashine nilikiona siku ile hakiwaki," alisema. "Nikajiambia, mimi nani hata nimfundishe mkwe kazi? Nikaona haya kukuuliza."

Akatazama pale Tunu alipozoea kulala. "Basi tumemchinja sote wawili."

Fundi alibaki amesimama na ule mfuko wa maini, asijue autue wapi.