Mwigizaji Bora ni Kiatu cha Kushoto

Usiku wa jana niliota kamera yangu imeniandikia barua ya kujiuzulu. Ilichapwa vizuri, na nakala zilipelekwa kwa lenzi zote.

“Bwana Chilewa,” kamera ilisema, “miaka kumi na moja nimekuvumilia. Lakini leo mchana umebonyeza kitufe mara mbili.”

Nilielewa. Ukibonyeza mara moja, kamera inarekodi. Ukibonyeza tena bila kujua, umeizima. Unapodhani unaizima, ndipo unapoiwasha.

Mchana huo tulikuwa tumerekodi onyesho la mwisho la filamu yangu ya kwanza: mama analifunga genge lake na kuondoka. Mama huyo aliigizwa na Bi Siwema, muuza vitumbua wa mtaani kwetu Dodoma. Asubuhi iliyofuata, saa nne, angepanda basi kwenda Kigoma kulea mjukuu mwaka mzima.

“Sasa umerekodi nini?” niliuliza.

“Njoo uone.”

Tunaingia ndani ya begi la kamera. Ni ukumbi wa sinema. Majaji ni stendi tatu za kamera, zile za miguu mitatu. Wamevaa suti, lakini suruali zina miguu miwili, kwa hiyo kila jaji ana mguu mmoja ulio wazi.

Kwenye skrini kinatokea kiatu changu cha kushoto. Kinatembea. Kinasimama. Kinakanyaga tope, kinajuta. Dakika arobaini. Majaji wanalia.

“Mwigizaji huyu hakuitazama kamera hata mara moja,” anasema jaji wa kwanza. “Nani amepiga picha hizi?”

“Mimi.”

“Hongera. Usipojua unachofanya, unafanya vizuri sana.”

“Kata!” napiga kelele.

Skrini inakatika vipande viwili. Kisha tai ya jaji. Kisha umeme.

Gizani, mtu ananigonga kichwani kwa sinia. Ni Bi Siwema.

“Mwanangu, mimi nalia machozi ya kweli, wewe unarekodi kiatu?”

“Sikujua, mama.”

“Ungejua lini? Mimi nikiwa Kigoma?”

Kiatu kinashuka kutoka kwenye skrini, kinapangusa soli. “Nitampigia simu asubuhi,” kinaniambia. “Ni mwigizaji mwenzangu. Wewe endelea kulala, hilo unaliweza.”

Niliamka saa tatu na nusu. Niliingiza kadi ya kamera kwenye kompyuta. Genge halikuwemo. Kilikuwemo kiatu cha kushoto, dakika arobaini.

Nilimpigia Bi Siwema.

“Mama, nakuomba, usipande basi.”

“Nipigiwe mara ngapi?” alifoka. “Nimeshateremsha mizigo, narudi hapo gengeni. Ila mwambie huyo msaidizi wako awe na adabu. Eti ‘mwigizaji mwenzangu’! Na anaongea kama mtu aliyelala sakafuni.”

Nilimwomba radhi kwa niaba yake. Kisha nilifuta tope kwenye kioo cha simu.