Madoa ya Babu

Akina mama wenzangu, kama mwanao ana madoa meusi midomoni, yametapakaa kama amerambishwa wino, na tena analalamika tumbo, usingoje nimalize hadithi. Mpeleke hospitali kwanza, utakuja kusoma baadaye.

Kwa wakwe zangu madoa hayo yalikuwa fahari. Baba mkwe alikuwa nayo. Alikufa kwa tumbo kabla sijaolewa, na tangu hapo mama mkwe anamtafuta mumewe kwenye midomo ya wajukuu. Mtoto akishaota meno, bibi anakuja, anampeleka dirishani penye mwanga, anamvuta mdomo wa chini kwa kidole gumba. Binti yangu alikutwa nayo tele, ndiyo maana wote tunamwita Chui. Mdogo wake hana hata moja. "Huyu wa jirani," bibi husema, na watu hucheka. Mimi nilikuwa nacheka kwa meno tu.

Chui alipoanza shule akaanza na tumbo. Tukampa dawa ya minyoo, likatulia. Likarudi, tukampa tena. Mimi kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi, kutwa nimesimama. Siku mwalimu aliponipigia simu niliacha shati la mteja mezani nikatoka na ndara za kazini. Nilimkuta mwanangu amejikunja kwenye sakafu ya darasa, anatapika kijani.

Alipasuliwa siku hiyohiyo. Daktari aliyempasua, mama mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi, alikaa nami kwenye benchi akashika mkono wa blauzi yangu.

"Mama, unajua mkono wa shati ukilivua vibaya unavyoingia ndani?"

"Ndiyo kazi yangu kuutoa."

"Basi utumbo wa mwanao ulijimeza hivyo. Kuna kinyama kilichoota ndani. Utumbo ulikivuta kama unavyovuta chakula, ukajivuta nacho. Tumekata kipande, tumeunga. Sasa niambie, nani mwingine kwenu ana madoa haya?"

"Bora uulize nani hana," nikasema, nikacheka kwa uchovu. Yeye hakucheka.

Majibu ya damu yalipotoka alinieleza polepole. Kuna jeni inaitwa STK11. Kila mtu anazo mbili, moja ya mama, moja ya baba. Kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya kinachoziambia seli za mwili zitulie, zisiote ovyo. Ile ambayo Chui ameitoa kwa baba yake ina kasoro. Vinyama vitaendelea kuota, na miaka ya mbele saratani inaweza kumpata, tumboni au hata kwingine. Hali hiyo haiponi, lakini mtoto analindwa: wanaingiza mpira wenye kamera, wanavitoa vikiwa bado vidogo, na wanarudia kila baada ya muda. Madoa yenyewe hayana ubaya. Yanakuonyesha tu nani wa kupimwa.

Hapo nikamkumbuka binti wa wifi yangu, dada wa mume wangu. Ni msichana mkubwa sasa, na alikuwa hapati usingizi mpaka akumbatie mto tumboni.

Nilikwenda kwao nikitoka kazini. Wanakaa na mama mkwe.

"Umekuja kutuambia ukoo wetu mbovu," mama mkwe alisema.

"Nimekuja kuomba mtoto apimwe, mama."

Wifi alikuwa anakunja nguo, hakuinua hata uso. "Wangu madoa yalishafutika. Hata yangu mimi yalifutika nilipokua. Hilo tumbo ni la usichana. Wewe tangu uwazoee madaktari, kila mtu kwako mgonjwa. Kesho utapima na kuku."

"Yanafutika mdomoni, wifi. Ndani ya shavu mara nyingi yanabaki. Daktari kaniambia."

"Basi daktari na aolewe na kaka yangu."

Chui alikuwa nyumbani na nyuzi tumboni, miguu yangu imevimba. Nikakaa chini palepale, nikamgeukia mama mkwe.

"Mama, humu ndani hakuna anayeyajua madoa haya kukushinda. Mtazame wewe. Ukikuta hamna, sitalisema tena."

Akamwita mjukuu wake, akamsimamisha dirishani. Mdomo ulikuwa safi. Wifi akakohoa, kile kikohozi cha kusema umeona sasa.

"Shavu, mama," nikasema.

Akaingiza kidole, akalivuta shavu. Akalishikilia hivyo mpaka mtoto akalalamika, "Bibi, unanichana."

"Yapo," alisema. "Yamejaa." Akafuta kidole kwenye nguo yake. "Babu yako na yeye tumbo lilimwanza hivihivi, nikasema ni chakula cha kibandani. Vaa viatu."

Wifi aliacha nguo nusu zimekunjwa.

Hospitalini walimkuta binti huyo na vinyama kadhaa, kimoja kilishakaribia kuziba njia. Vikatolewa kwa mpira, bila kisu. Nilipotoka kazini nikapitia hospitali, nikamkuta wifi kwenye benchi la nje, mkoba mapajani.

"Amelala," alisema. "Daktari anasema na mimi nipimwe."

"Na wewe, na kaka yako."

"Atakuja?"

"Anasema wiki ijayo. Kila wiki anasema wiki ijayo."

"Huyo niachie mimi. Nitamkokota kwa shati."

Hakunishukuru, na mimi sikuwa nimekuja kwa hilo. "Sogea basi nikae," nikamwambia, "miguu imekufa." Akasogea.