Viatu vya Rafu ya Chini

Katika kibanda cha fundi viatu, rafu ya juu ilikuwa ya wateja wenye haraka, ya kati ya wateja wenye subira, na ya chini ya mkewe. Viatu vya mama huyo vilikaa huko hadi vikashika vumbi. Akiviulizia, jibu lilikuwa, "Kesho, mke wangu." Kinyozi hajinyoi, ni kweli, lakini huyu hata mkewe hakumnyoa.

Basi asubuhi ya safari, gari linapiga honi nje, akavipaka gundi soli badala ya kuzishona. Wala hakumwambia.

Safari yenyewe mkewe aliiota tangu usichana: kushuka korongo la jangwani mpaka pale kuta zinapokaribiana, mtu akaweza kuzigusa zote mbili kwa mpigo. Na ilikuwa sasa au basi tena. Mwezi uliofuata angepasuliwa goti, na daktari hakumficha: milima na mabonde, kwaheri.

Korongo lilikuwa zuri, asikudanganye mtu. Kuta zilipanda mistari kwa mistari, nyekundu kama chungu kilichotoka motoni, na juu anga limebaki utepe tu. Mkewe alitangulia, akichekacheka peke yake, na fundi, mtu mzima na mvi zake, akajikuta anampenda upya. Ndipo jua lilipokolea, gundi ikalainika, soli ya kulia ikaachama. Mbele kidogo, ya kushoto nayo.

"Mama, mchanga huu unaunguza," kiongozi wao akasema. "Bila viatu, itabidi nikurudishe garini."

Mkewe akaigeuza soli. "Ulipaka gundi?"

"Nilipaka."

"Vya watu unashona, vyangu unapaka gundi?"

Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Aliketi tu juu ya jiwe, akatazama kule korongo linakopinda, na fundi akaona aibu mpaka masikioni.

Msharasi wake wa kutobolea ngozi hautoki mfukoni hata akienda harusini. Uzi ndio hakuwa nao. Akachomoa kamba za viatu vyake mwenyewe, akazifumua nyuzi, akaketi mchangani miguuni pa mkewe, akaanza kushona. Kiongozi akanung'unika kwamba muda unakwenda.

"Mteja huyu amenisubiri tangu tuoane," fundi akajibu bila kuinua kichwa. "Wewe subiri kidogo."

Wakaendelea. Viatu vya fundi, sasa havina kamba, vilimpiga visigino pwata, pwata, na mkewe akacheka mpaka akalishika goti. Walipofika penye wembamba akanyoosha mikono, huku ukuta, huku ukuta. Machozi yakamtoka.

"Nimefika, baba watoto," akasema.

Goti lilipasuliwa, na viatu vile vya mkewe havitembei tena. Vimekaa kibandani, rafu ya juu, katikati kabisa. Mteja mwenye haraka akiomba visogezwe, fundi humwonyesha rafu ya chini.