Propela ya Ukutani

Magurudumu yaligoma kuachana na ardhi. Nilivuta usukani, nikaibembeleza ndege, nikamwita Mungu kwa kila jina nililolijua, na miti ya mwisho wa uwanja ikazidi kunenepa mbele yetu. Nikapunguza mafuta, nikakanyaga breki. Tuliposimama, vumbi limetufunika, mume wangu Baba Pacha akanigeukia taratibu.

"Mama Pacha, kama umenichoka, si ungesema tu?"

Nilicheka, nikazima injini. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimeirusha peke yangu, ikapaa bila taabu, ikakimbia angani kama imetumwa. Ilikuwa ndege ya viti viwili, iliyoundwa na daktari wa meno mstaafu nyuma ya nyumba yake, na sasa alikuwa anaiuza. Nilishaipenda. Ila uwanja wetu wa nyumbani ulikuwa mfupi kuliko huu, na kama haikuweza kutubeba wawili, ningerudi mikono mitupu.

Daktari alitufikia akihema. "Nisameheni jamani! Nimeruka peke yangu miaka mingi, hata nikasahau inavyolemewa na watu wawili."

Akatuonyesha propela. Mapanga yake yalikuwa na mwinamo mkali, kila mzunguko yanakata hewa nyingi. Ukishakuwa juu, raha. Kuondoka na mzigo ndiyo shughuli, sawa na kupanda mlima kwa baiskeli yenye gia nzito.

"Hakuna nyingine?" nikauliza.

Akageuka kuipangusa ndege vumbi. Mimi nami, nikikwepwa ndipo nachimba. Sebuleni kwake nilikuwa nimeona propela ya mbao ukutani, juu ya picha ya mkewe.

"Ile ya ukutani je?"

"Ile si ya kuuza. Ile ni ya mama watoto."

Baba Pacha akanifinya. Nikamwonea huruma yule mzee, lakini ulimi haukutulia. "Inapandaje, Daktari?"

Uso ukamfunguka. "Inapanda kama haina akili! Niliichagua kwa ajili yetu wawili. Alipofariki, nikasema sasa nipande na nani? Nikaweka ya kasi."

Alitutazama, kisha akaingia nyumbani kwake, hapo kando ya uwanja. Alirudi ameikumbatia. Aliigonga kwa kifundo cha kidole kutoka ncha hadi ncha, akisikiliza kama kuna ufa. Tulipoifunga mahali pa ile ya kasi, akaweka gogo dogo karibu na ncha, akaizungusha polepole kwa mkono, injini imezimwa, tuone kama ncha zote mbili zinapita palepale. Zilipita.

"Haya, nani anapanda?" nikauliza. Baba Pacha akakumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga.

"Mimi," akasema daktari.

Hatukufika hata katikati ya uwanja, tukawa hewani. Miti ikabaki chini kabisa. Angani tulikwenda polepole kuliko asubuhi, na sikujali hata kidogo.

Daktari alikuwa amegandisha uso dirishani. Maisha yake yote alikuwa amekalia kiti cha rubani.

"Kumbe mto unaonekana upande huu," akasema. "Mama watoto alikuwa ananiambia tazama, tazama. Nami macho kwenye dashibodi tu."

Nikaiinamisha ndege upande wake, auone vizuri. Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Ichukueni hivihivi, na propela yake," akasema. "Ila zunguka tena kwanza, binti yangu."